Neno Moja Linatosha

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Siku kubwa! Bosi ametangaza kwamba mmoja wetu kutoka chumba cha kufulia atapandishwa mapokezi. Sharti ni Kiingereza. Usaili Ijumaa, na atauliza yeye mwenyewe. Kufua nguo za hoteli ni kazi ya heshima, sikatai, lakini sisi tuko chini ya ngazi, hakuna hata dirisha, na mgongo wangu umeanza kulalamika. Mapokezi kuna kiti. Tena kinazunguka.

Wagombea ni wawili tu. Mimi, na kaka wa mke wangu, ambaye wote tunamwita Pasi. Ndiye mpiga pasi wetu, na hajawahi kuonekana na kunyanzi, si la shati wala la uso. Nasikia ameanza kujifunza maneno mapya kumi kwa siku. Masikini!

Nimemwambia mke wangu ahesabu kazi ni yangu. Akaniuliza kitanda kwa Kiingereza ni nini. Nikamwambia nimechoka.

Jumanne, tarehe 4

Mungu yuko upande wangu. Mgeni ameacha kamusi chumbani, haina jalada. Nimeifungua popote tu, nikakutana na "run". Kila mtu anajua hiyo ni kukimbia. Kumbe! Maji yakitiririka, run. Ukiendesha mashine, run. Ukiendesha duka, run. Mtoto akitokwa na kamasi, pua yake run. Mtu akigombea ubunge, run. Soksi ikifumuka, run. Maelezo yanashuka ukurasa mzima, yanahamia wa pili, bado yanaendelea.

Na lenyewe lina herufi tatu! Nimekaa juu ya kapu la taulo nikilitazama. Hili ni neno la namna gani? Halina likizo, halinung'uniki, linakwenda popote linapotumwa na likifika linafanya kazi. Sijawahi kumheshimu mtu kiasi hiki, hata baba mkwe.

Hesabu ni nyepesi. Shemeji abebe maneno mengi yenye maana mojamoja. Mimi nitabeba neno moja lenye maana zote. Tuone nani atachoka kwanza.

Jumatano, tarehe 5

Nimefua huku nasoma. Kamusi mkono wa kushoto, nguo mkono wa kulia. Nikafika mahali pameandikwa: nguo ikichuja rangi, run. Machozi yalinilengalenga. Neno lililozunguka dunia nzima limeshuka ngazi hadi kwetu sisi wafuaji! Nikainua macho niwaze kidogo. Kwenye kioo cha mashine maji yalikuwa mekundu.

Pazia la ukumbi wa chakula. Nilikuwa nimelitia pamoja na mashuka meupe.

Mashuka yametoka ya waridi. Yote. Nikayakunja haraka nikayatia kwenye kapu la shemeji, ambaye alikuwa ametoka kunywa chai. Asubuhi alinisaidia kupakia mashine ya kwanza. Kwa hiyo nikisema leo shemeji alipakia mashine, si uongo. Nimesogeza saa tu.

Alhamisi, tarehe 6

Bosi ameshuka mwenyewe. Viatu vyake hufika kabla yake. Ameuliza nani kaharibu mashuka. Kwa huzuni kubwa nikasema shemeji alipakia mashine jana, ila ni mtu mzuri, labda ana mawazo. Shemeji alinitazama, akarudi kwenye pasi yake. Bosi akasema jambo hili litamalizwa kwenye usaili, na mhusika asahau mapokezi.

Jioni mke wangu aliniwekea tai ya bluu juu ya meza. Kaka yake aliipitisha, kwa kuwa anajua sina.

"Amesema yeye hataihitaji tena," mke wangu akasema, kisha akaingia jikoni.

Nikasikia kitu kinanikaba hapa kifuani. Itakuwa njaa. Lakini alikuwa amenipikia, na nikala, na kitu hakikuondoka.

Ijumaa, tarehe 7

Nimeingia na tai. Bosi akaniuliza mambo kwa Kiingereza. Nikatabasamu. Akauliza mengine, nikatabasamu zaidi. Naona alianza kuchoka. Ndipo akafungua droo, akatandaza shuka la waridi juu ya meza, akalionyesha kwa kidole na kuniuliza taratibu nini kimetokea.

Neno langu! Liliinuka lenyewe kutoka tumboni. Nikasimama.

"I run the machine," nikasema. "The colour run!"

Maana mbili kwa pumzi moja! Bosi akaweka kalamu chini. Akauliza, kwa Kiswahili sasa, kama ni mimi niliyeendesha mashine ile. Nikamwambia ndiyo, mimi mwenyewe, na nikamwomba aangalie jinsi neno lilelile lilivyofanya kazi mbili bila kuongezewa hata herufi. Nilikuwa nimeshafika kwenye soksi aliponiomba nimwitie shemeji.

Mlangoni ndipo nikaelewa nilichosema.

Jumamosi, tarehe 8

Shemeji ameketi kwenye kiti. Kinazunguka kweli. Mgeni alimuuliza kitu, akajibu kwa maneno machache, mgeni akaondoka anacheka. Lazima niseme, amekaa pale utadhani alizaliwa pale.

Bosi alitaka kunifukuza. Shemeji ndiye aliyeniombea. Nilimfuata kumshukuru. Akasema, "Yaishe, shemeji. Tai utaniletea wakati wowote." Hana kunyanzi hata moyoni. Kuanzia leo nafua na kupiga pasi pia.

Jumapili, tarehe 9

Zamu yangu. Nimeamua kumrudishia shemeji tai ikiwa safi, ndiyo adabu.

Habari nyingine: nasikia mapokezi wataongeza mtu. Na nimepindua kurasa za mbele kwenye kamusi nikakutana na "set". Ajabu tupu! Ukitega mtego, set. Ukiandaa meza, set. Jua likizama, set. Simenti ikikauka, set. Maelezo yake ni marefu kuliko ya lile la kwanza, na herufi ni tatu vilevile! Shemeji na maneno yake kumi hajui kinachomjia.

Nimepakia mashine huku nasoma. Mashuka, foronya, tai. Nilipofika katikati ya ukurasa nikainua macho niwaze kidogo. Kwenye kioo maji yalikuwa ya bluu.

Hilo nalijua kwa Kiingereza.