Skuta Inayokula Pumzi

Lamar Tisdale alipomsikia Royce Padgett akisutwa kwenye meza ya jirani, aliisogeza sahani yake ya mbavu karibu. Masikio yake hayakuwahi kumlaza njaa.

Kosa la Royce lilikuwa moja: anapumua kupita kiasi. Wazamiaji wa mapango ya chemchemi, huku kwetu kaskazini mwa Florida, wana sheria yao: wa kwanza kumaliza theluthi ya hewa yake, wote wanageuka. Na wa kwanza alikuwa Royce, kila safari, kabla pango halijaanza hata kunoga. Bi Verna Stalnaker, kiongozi wao, mwanamke mpole asiye na huruma, alimwambia kwamba Jumapili ndiyo nafasi yake ya mwisho. Akiwarudisha watu tena, akatafute wenzake kwa nyangumi.

Lamar, ambaye hajawahi kulowa kupita kifundo cha mguu, alimwonea huruma. Huruma ya Lamar ilikuwa ghali.

Kesho yake alitokea gatini na skuta ya majini yenye rangi ya dhahabu: pipa refu lenye pangaboi nyuma, mzamiaji analishika, linamvuta. Za wengine zinakwenda kwa betri. Hii, alieleza, inakwenda kwa pumzi. Unahemea kwenye bomba, viputo vinazungusha mashine, na mwenye pumzi nyingi ndiye tajiri. Ndani, bila shaka, alikuwa ameficha betri ya lithiamu, nzuri kuliko zote mjini, iliyomlia akiba yake yote. Lamar hakuwa mtu wa kuubania uongo.

"Kwa hiyo haina betri?" Bi Verna aliuliza.

"Hata ya saa, mama."

Maskini, hakujua desturi. Huku skuta hainunuliwi kabla ya kuchoshwa: inafungwa kwenye nguzo ya gati, panga likizunguka majini, na watu wanakaa mpaka ife. Lamar alitegemea watachoka upesi. Wakaleta viti. Wakaleta karanga za kuchemsha. Royce akahemea bombani, uso mwekundu, na mamba mmoja akaja kutazama, akaenda zake.

Alasiri panga likalegea, likasimama.

Macho yote yakamgeukia Lamar. Mwingine angetimua mbio. Yeye akamwekea Royce mkono begani, kwa sura ya daktari mwenye habari mbaya.

"Kaka, nasikitika. Pumzi yako ni ndogo mno."

Royce akashusha bomba. Miaka yote hakuna aliyewahi kumwambia neno tamu kama hilo. Alilia mbele za watu bila aibu, akasema anaitaka skuta hiyo, ikae sebuleni iwe ushahidi.

Lamar hakutaka pesa. Alitaka skuta ya zamani ya Royce, ya betri, yenye thamani mara kadhaa ya ile ya dhahabu. Skuta kwa skuta. Bi Verna akawapeanisha mikono mbele ya mashahidi, na kufumba na kufumbua Lamar alikuwa barabara kuu, anaimba.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ya Lamar ilifika kituo cha mafuta. Hapo aliifungua ile skuta ya Royce, akakuta vipande vya madini ya risasi vya kuiweka sawa majini, basi. Watu wetu hawaachi betri ndani ya skuta. Betri ya mtu hulala nyumbani kwake, kama meno ya bandia, na anayebadilishana skuta habadilishani betri. Kila mtu mjini analijua hilo.

Akarudi, akaliacha gari barabarani, akakimbia mpaka gatini. Skuta ya dhahabu ilikuwa imeshapasuliwa, na betri yake iko mezani, watu wameizunguka.

"Hiyo betri..." alianza.

"Tumeikuta humo ndani," Bi Verna akasema. "Tunamtafuta mwenyewe. Yako haiwezi kuwa, wewe huna. Au ulitudanganya, tumwite polisi?"

Royce alikuwa anaipapasa betri ile. Sasa ana mbili za kuitia ile ya dhahabu, hiyo na ya kwake iliyolala nyumbani. Jumapili atavutwa kwenda na kurudi bila kupiga teke hata moja, na asiyepiga teke hahemi sana. Bi Verna alikuwa ameshaanza kumtazama kama binadamu.

"Basi niuzieni japo betri kuukuu," Lamar akaomba, "hili pipa lipate kutembea."

Bi Verna alimsikiliza anavyotweta kwa zile mbio.

"Mwanangu, mtu anayehema hivyo, betri ya nini?"