Bia Yangu Ndani ya Sauna ya Bibi

Jumatatu, 8 Julai
Kumekucha! Jumapili wateja wataonja bia mbili: yangu na ya Marlys Beaudry. Mshindi anakuwa mpishi msaidizi wa kiwanda chetu cha bia. Atakayeshindwa anabaki kuosha mapipa. Mimi, Wesley Kangas, nimeyaosha mwaka mzima, vidole vimekunjamana kama zabibu kavu. Basi! Marlys kasomea upishi wa bia chuoni na hapitishi saa bila kukukumbusha. Mimi shule niliiaga mapema. Lakini hamira nayo haina cheti, na bado ndiyo inayofanya kazi yote.

Jumatano, 10 Julai
Nimeionja ya Marlys kwa siri. Kaipika na machipukizi ya msonobari. Tamu! Nimeumia moyo.
Yangu nyepesi kama maji ya kuoshea vikombe. Ila siku hizi watu wanataka bia nzito kama uji, imejaa matunda. Nimesaga rasiberi za porini, ndoo nzima, nikazimimina ndani ya bia, nikaifunga kwenye makopo. Nyekundu kama midomo ya bibi harusi!
Bosi, Gordon Trembath, kanionya. Kasema hamira haijafa humo, imelala tu. Ikipata sukari na joto itaamka, itakula, itapumua, na kopo litavimba. Niyaweke chumba cha baridi leo leo. Nikamjibu: bosi wangu, hayo nayajua tangu tumboni.

Alhamisi, 11 Julai
Chumba cha baridi kimebaki na kona moja, tena ubavuni mwa makopo ya Marlys. Yeye mwenyewe kanikaribisha, eti jirani mwema, leta vitoto vyako. Thubutu! Aonje, aige, ashinde? Sina ujinga huo.
Nimeyaficha kwenye sauna ya bibi yangu, kile kijumba chake cha kuogea mvuke kando ya ziwa, chini ya benchi la mbao. Siku isiyowashwa moto, mle ni baridi na giza kama kaburini. Najua, kila Jumamosi huwashwa. Lakini Bibi Aili kaenda kwa dada yake kule Marquette mpaka Jumapili. Nani atawasha? Akili nywele, na mimi nina msitu!

Jumamosi, 13 Julai
Balaa!
Bibi karudi asubuhi. Kagombana na dada yake juu ya karata. Mimi nilikuwa mjini, nawatangazia watu ushindi wangu. Kumbe bibi naye kapanga lake: amlainishe bosi ili mjukuu apate cheo. Kamwalika Gordon sauna. Na kwetu huku mtu hakatai sauna ya Jumamosi, hata akiwa na homa.
Nikafika, nikaona moshi unatoka kwenye bomba. Nikatimua mbio kuelekea huko. Bibi kasimama mlangoni na taulo, kanikonyeza, kanambia nitulie, mzee anaiva vizuri.
Ndani bosi akamwaga maji juu ya mawe ya moto. Shwaaa!
Kisha: Pa! Papapa! Pa!
Mlango ukaruka. Gordon akatoka kama alivyozaliwa, mwekundu wa rasiberi utosi hadi kisigino, akampita bibi na taulo lake, moja kwa moja ziwani. Bibi akapiga yowe kwamba mwenye kazi kachinjwa. Kisha akanusa hewa. Kisha akanigeukia mimi.
Bosi, maji shingoni, akaniuliza kwa upole makopo niliyaweka wapi. Nikamwambia yamo ndani, bosi. Akasema ndiyo, alikutana nayo.

Jumapili, 14 Julai
Lilipona kopo moja. Nikalifungua mbele ya wateja kwa madaha. Bia ikaenda darini, ikabaki huko. Marlys kashinda. Kanipiga kijembe mbele ya umati: Wes, wenzako bia zao huonjwa na bosi, yako imemwonja bosi!
Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Gordon pia. Kasema nirudi kwenye mapipa, lakini kilichomwingia mdomoni kilikuwa kitamu kweli. Majani yakianza kupukutika nitajaribu tena, mradi nimsikilize Marlys. Ndiye mpishi msaidizi sasa! Nimwite nani, Mama Mkuu?

Jumanne, 16 Julai
Siku mbili nasugua sauna. Bibi kakaa kwenye kigoda, ananionyesha kwa fimbo pale nilipoparuka, ananiita mwana wa mbuni, mwili mkubwa akili kiduchu.
Lakini kusugua kunaleta fikra. Nimelichunguza jambo lote, na kosa nimelijua. Kopo! Bati jembamba, linavimba ovyo. Umeona wapi chupa ya kioo ikavimba? Haivimbi hata siku moja!
Marlys kasema nisijaribu. Hiyo ndiyo dalili kwamba anaogopa.
Basi nimepika kidogo jikoni, rasiberi mara mbili, nikajaza chupa kumi na mbili na kuziba vizuri kwa nguvu zangu zote. Chumba cha baridi? Wapi, waniibie! Nimezipanga chini ya kitanda changu, nalala juu yake kama kuku anayeatamia. Kuna moja imeanza kupiga mluzi mwembamba.
Inafurahi.