Paka Apimwe Peke Yake

Kwa Daktari Mkuu,
Kliniki ya Wanyama wa Nyumbani,
Jengo la buluu linalotazamana na duka la rangi.

Ndugu Daktari,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU HUDUMA ANAZOPEWA PAKA WANGU NA AMBAZO ZINANIPATA MIMI

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na wagonjwa wako wote wazima au wakielekea huko. Mimi sijambo. Nalisisitiza hilo mapema, maana katika kliniki yako nikisema sijambo hakuna anayeniamini.

Kwa faida ya kumbukumbu zako, mimi ni yule mzee mwenye kapu la plastiki lililofungwa kwa kamba ya viatu, anayekuja kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi na paka wa kijivu aitwaye Meneja. Jina hilo alipewa na binti yangu, kwa kuwa paka huyo hulala mchana kutwa na hukasirika akiamshwa. Binti yangu ni nesi katika mji wa mbali. Alipohamishiwa huko mwaka juzi aliniachia paka kwa wiki mbili tu, mpaka apate nyumba. Nyumba alipata, tena ina varanda, lakini wiki mbili zenyewe hazijaisha hadi leo. Mwezi wa kwanza mwaka huu akamwandikisha kwenu, akaniambia nimlete kila mwezi, ingawa paka hana hata chafya.

Nimekuwa mkaguzi wa mizani kwa miaka thelathini na mmoja. Nimekagua mizani za wauza nyama, wauza misumari na wauza dhahabu, na wote walinichukia kwa moyo mmoja. Kwa hiyo mimi si mtu wa kulalamika ovyo. Nalalamika kwa mpangilio, kama ifuatavyo:

1. Kuitwa Baba Meneja.

Dada wa mapokezi ana sauti ambayo ingefaa kutumika stesheni. Zamu yetu ikifika hutangaza: "Baba Meneja, ingia ndani!" Nimemweleza kwa upole, mara tatu, kwamba mimi ni baba wa mtu mmoja tu, na mtu huyo ana miguu miwili. Akacheka, akasema, "Sawa, Baba Meneja." Kasuku wa yule mama anayekaa benchi la dirishani naye ameshalishika. Nikitia mguu tu mlangoni, kabla sijasalimia watu, ndege ananiita.

Jambo hili lingeishia humo ndani ningelimeza. Lakini mwenye duka la rangi amelisikia, fundi viatu amelisikia kwa mwenye duka la rangi, na sasa mtaa mzima unaamini nina kijana wangu ambaye ni meneja mahali fulani. Wiki iliyopita fundi viatu aliniletea barua ya maombi ya kazi ya mpwa wake, pamoja na vyeti vyote, ndani ya bahasha ya kaki. Nikamwambia Meneja wangu hana nafasi za kazi. Akasema anaelewa, wakubwa ndivyo wanavyosema, ila nimfikishie tu. Nimemfikishia. Ameilalia bahasha.

2. Upimaji.

Hapa naomba usome polepole, maana huu ndio uwanja wangu. Mezani kwako kuna mizani ndogo ya wanyama wadogo, nyeupe, yenye beseni. Ni mizani nzuri. Najua kwa sababu mwezi wa pili, msaidizi wako alipotoka kidogo, niliweka juu yake jiwe langu la mizani la kilo moja, ikasoma kilo moja kamili. Jiwe hilo niliagwa nalo nilipostaafu na hutembea nalo mfukoni, ingawa lina tabia ya kuvuta suruali chini, hata nimelazimika kutoboa mkanda matundu mawili mapya kwa msumari.

Sasa, kwa nini paka wangu hapimwi kwenye mizani hiyo? Kila mwezi naambiwa nipande mimi kwenye mizani kubwa ya sakafuni, ile ya mbwa, nikiwa nimempakata paka. Inaandikwa. Kisha nampokeza msaidizi wako paka, nabaki peke yangu juu ya mizani mikono mitupu. Inaandikwa tena. Halafu wanatoa hii kwenye ile, wanapata paka. Ndugu Daktari, hakuna mkaguzi mwenye akili zake atakayekubali kitu cha kilo tano kipimwe kwa kukibandika juu ya kitu cha kilo sitini. Ni sawa na kupima kitunguu pamoja na muuzaji wake.

Tena mizani yenyewe inapunja. Sisemi kwa chuki. Mwezi wa kwanza ilinisoma kilo sitini na nane. Mwezi wa pili, sitini na sita na nusu. Wa tatu sitini na tano, wa nne sitini na tatu na nusu, na Alhamisi iliyopita sitini na mbili kamili. Mtu ni yuleyule, viatu ni vilevile, jiwe mfukoni ni lilelile. Mizani iliyopoteza kilo sita tangu mwezi wa kwanza haifai kuachiwa watu. Enzi zangu ningeifunga kwa lakiri, ile nta ya muhuri, papo hapo, na mwenyewe angekuja ofisini kujieleza. Nilipomweleza hayo msaidizi wako hakubisha. Aliandika tu.

3. Maswali yasiyomhusu mgonjwa.

Wewe mwenyewe, Daktari, huanza vizuri. Unamtazama Meneja meno, unamtazama masikio, dakika mbili kazi imekwisha. Kisha unavuta kiti na kunigeukia mimi. Mzee, asubuhi umekula nini? Ngazi za nyumbani unazipanda bila kupumzika? Usingizi je? Nani anakupikia? Nami kwa heshima zote nakujibu kwamba Meneja kala samaki, Meneja hapumziki kwenye ngazi, na Meneja analala vizuri mno. Unarudia swali. Mwezi wa tatu ulinivuta kope za macho, eti unanionyesha namna ya kumtazama paka kope za macho. Nilivumilia, nina malezi.

Juu ya hayo umeniamuru nimpunguzie paka chakula, kwa kuwa ametoka kilo nne na gramu mia mbili mpaka tano na gramu mia sita. Nifanyeje? Tangu mama yake binti yangu atutoke, pale mezani tuko wawili, mimi na paka. Nanunua samaki mmoja. Namwekea yeye kwanza, na akimaliza nakuta nimeshashiba kwa kumtazama. Nakunywa chai yangu, natoa vyombo. Hakuna anayeonewa.

4. Picha.

Kila tukimaliza, dada wa mapokezi hutupiga picha na kumtumia binti yangu, maana kadi ya paka ina namba yake ya simu. Binti hunirushia na mimi, kwa hiyo nimeziona. Dada hajui kupiga picha. Ya mwezi wa nne ina sikio moja la Meneja, basi. Mimi nimeingia mzima mzima, mbele na ubavuni, kama mtu anayetafutwa na polisi.

5. Taarifa.

Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Hayo mengine ningeyavumilia.

Kabla hamjaanza kumtumia binti yangu taarifa, alikuwa akinipigia simu kila Jumapili saa kumi jioni. Tulizungumza dakika arobaini, na sisemi kwa kukadiria, nilikuwa natazama saa. Alitaka kujua paka kala nini, kalala wapi, kagombana na nani. Nami nilikuwa natia chumvi kidogo. Kuna Jumapili Meneja alipigana na paka watatu wa jirani akawashinda, na ukweli ni kwamba siku hiyo hakutoka kabatini. Katikati ya habari za paka nilikuwa nachomeka na zangu: bomba la jikoni limetengenezwa, jana nimemwota mama yako. Zilikuwa zinapita kirahisi zikiwa zimechanganywa na za paka. Zikiwa peke yake hazitoki.

Sasa anajua kila kitu kabla hajapiga. Mmeshamwandikia: "Meneja mzima. Kilo tano na mia sita. Kamlamba daktari." Mimi nimebaki na nini cha kusimulia? Mazungumzo ya Jumapili iliyopita yalichukua dakika nne. Aliniuliza, Baba mzima? Nikasema mzima. Akauliza, kweli? Nikasema kweli. Kisha akasema anaitwa wodini. Nilikaa pale nimeshikilia simu sikioni muda mrefu baada ya yeye kukata. Nimeumia, Ndugu Daktari, na sioni aibu kuliandika.

Kutokana na hayo yote, naomba mizani ya mbwa ifungwe mara moja na paka apimwe peke yake kwenye ile ndogo. Naomba pia habari za Meneja ziwe siri kati ya daktari na mgonjwa wake, na msemaji wa mgonjwa niwe mimi.

Na kwa kuwa paka mzima hana habari, naomba apatiwe ugonjwa. Sitaki ugonjwa wa kumtesa. Kikohozi kingetosha: kikavu, cha kuja na kuondoka, kinachowatatiza hata madaktari bingwa, na ambacho huzidi siku za Jumapili kuanzia saa kumi kasorobo. Kama kikohozi hakimo katika huduma zenu, basi mkia uteguke, kwa maandishi tu, bila kumgusa. Ninachohitaji ni cheti chenye muhuri, maana binti yangu ni nesi na hadanganyiki kirahisi. Ugonjwa huo naomba uwe wa muda mrefu. Mwaka mmoja kwa kuanzia.

Yasipotekelezwa haya ndani ya siku kumi na nne, nitamhamishia Meneja kliniki nyingine, ingawa ni mbali na sina hakika kama wana benchi la kukaa watu wakazungumza. Aidha, nitakuja hapo nikiwa nimevaa koti langu la ukaguzi, ambalo siku hizi limenipwaya mabegani kwa sababu nguo za zamani hutanuka zikikaa kabatini, na mizani ile nitaifunga mwenyewe. Lakiri ninayo bado.

Nisalimie dada wa mapokezi, msaidizi wako, na yule bwana anayesafisha vizimba. Mpe pole mbwa mwenye bandeji aliyenilalia kiatu. Mama mwenye kasuku msalimie sana. Kasuku naye msalimie, ila asijibu.

Wako katika vipimo sahihi,

Mkaguzi wa Mizani Mstaafu

TANBIHI: Nilikuwa natafuta gundi ya bahasha simu ikalia. Leo si Jumapili, ni Jumanne. Alikuwa binti yangu, na alikuwa analia.

Kumbe tangu mwezi wa kwanza ni yeye aliyewaomba. Siku alipowapigia kumwandikisha paka aliwaambia, "Baba yangu akisema mzima msimwamini. Mpimeni." Kujumlisha na kutoa, maswali ya ngazi, kope za macho, picha yenye sikio moja, yote ni maagizo yake. Jumapili ile aliyoniuliza mara mbili alikuwa tayari na hiyo sitini na mbili mkononi, nami mara mbili nikamjibu mzima. Hakukata simu kwa kuwa hana la kuzungumza. Alikwenda kuomba ruhusa kazini ya kuja nyumbani, na ameipata.

Tumezungumza dakika hamsini na mbili. Paka hakutajwa hata mara moja, na amenuna.

Baada ya simu nilitoa jiwe mfukoni, nikaliweka mezani, nikasimama mbele ya kioo. Suruali ikashuka vilevile.

Mizani yako haipunji, Ndugu Daktari. Naiomba radhi, na wewe pia. Katika zile kilo sita, moja na gramu mia nne nimezikuta kwa Meneja. Zilizobaki tutakwenda kuzitafuta hospitali ya watu Jumatatu, mimi na binti yangu. Naogopa kidogo, lakini sitakwenda peke yangu.

Kwa hiyo malalamiko namba mbili, tatu, nne na tano nayafuta. Kikohozi hakihitajiki tena. La kwanza nalo liacheni lilivyo, maana Jumamosi tutapita hapo sote watatu, na ningependa dada wa mapokezi amwite binti yangu Dada Meneja, kwa sauti ileile.

Mizani kubwa msiifunge. Paka mpimeni kwenye ile ndogo. Kwenye ile kubwa nitapanda mwenyewe, bila jiwe.