Kamati ya Uhalisia wa Mazombi

Napenda kuutangazia umma wa Nakuru kwamba filamu za mazombi sasa zina msimamizi. Kamati ya Uhalisia, ambayo mimi Hiram ni mwenyekiti wake, imeundwa kuhakikisha kwamba hata maiti ikitembea, inatembea kwa kuzingatia maadili.

Mwombaji wetu wa kwanza alikuwa Waithera, msichana wa Njoro. Asingepata kibali siku hiyo, kamera za kukodi zingerudi Nairobi na filamu yake ingekufa. Waigizaji walikuwa wameshajipaka rangi, wanangoja nje.

Tatizo lilikuwa ukurasa wa nne wa mswada wake. Mazombi wanaingia mjini, mheshimiwa anawapigia watu kelele, "Kimbieni!", kisha anapanda gari na kutoroka.

"Hii si ya ukweli," nikamwambia. "Kiongozi atoroke? Wapi! Kiongozi hubaki na wananchi mpaka mwisho. Badilisha, ama usahau kibali."

"Lakini mzee..."

"Mwenyekiti."

Nilimwagiza arekodi kikao, vizazi vijavyo vione uongozi ukifanya kazi. Kisha Edinah, mama anayetupikia chai, akaombwa atufungie kwa maombi. Edinah akishika maombi haharakishi. Alikuwa amefika kwa wagonjwa na wasafiri mvua ilipoanza kupiga mabati. Nikafungua jicho moja kwa sababu za kiusalama.

Mlangoni walisimama watu nyuso zimeoza, damu inadondoka kwenye simiti.

Hapa naomba nieleweke. Sikutoroka. Nilihamisha ofisi ya mwenyekiti kwa dharura, kupitia dirishani. Kama Edinah alisukumwa akaangukia sinia ya mandazi, basi ni katika kufungua njia. Wanakamati wenzangu walinifuata kwa nidhamu kubwa, na gari la ofisi likaja kusimama Njoro.

Simu ikalia.

"Mwenyekiti, rudini tu," Waithera akasema. "Hao ni waigizaji wangu, walikuwa wananyeshewa. Edinah amewaambia hata kama wamekufa, wapanguse viatu. Saa hii wanakunywa chai yenu."

Nikakohoa. "Hiyo video ifutwe."

"Edinah anauliza, utasaini kibali ama aitume kwa grupu ya kanisa?"

"Nitasaini! Nitasaini, ala!"

"Asante sana. Na pole kwa kukubishia, ulikuwa sawa kabisa. Ukurasa wa nne haukuwa wa ukweli. Nilikuwa nimeandika kiongozi anawaonya watu kwanza. Nimeitoa hiyo."