Bata Mzinga wa Karema na Mgeni wa Ijumaa

Jumanne, 13 Agosti 1996

Amefika! Bata mzinga mzima, ameshaokwa, amepakwa asali mpaka nikaiona pua yangu kifuani mwake. Lori la samaki kutoka Karema limemshusha sokoni saa kumi jioni, ndani ya tenga, amezungushiwa shuka la masista. Sista Katarina ameambatanisha kikaratasi: ameokwa jana, apashwe moto taratibu, asije akakauka. Kupasha moto tu! Hiyo nayo ni kazi?

Niandike jambo lilivyo, labda moyo utatulia. Ofisi yetu ya ufugaji nyuki hapa Mpanda ina mabwana nyuki wawili: mimi Evarist, na Silvester, ambaye pia ni jirani yangu. Mmoja wetu atahamishiwa Mwese. Mwese! Vilima juu ya vilima, barabara ya kubahatisha, miguu yako ndiyo gari lako. Mkuu wetu, Mzee Zefania, anakuja Ijumaa kutoka Sumbawanga kuamua ni nani aende, na mchana atakula kwangu. Mwezi uliopita nilimwandikia kwamba nafuga bata mzinga, kwamba nitamchinja kwa mkono wangu na kumwoka mwenyewe kwa asali ya miombo, aone asali yetu inavyofaa meza za wakubwa. Sijawahi kufuga hata njiwa. Kuoka ndiyo kabisa, ndiyo maana nikawaagizia masista wa Karema.

Kasimu wa duka la soda amekubali kumhifadhi kwenye friji yake ya mafuta ya taa. Aliuliza nani kachinja. Nikasema masista. Akasema basi nimfunge vizuri asiguse kitu chake chochote. Nimemfunga mara tatu.

Mama Dina, mke wangu, anasema sina sababu ya kuhangaika. Siku yenyewe tumkate vipande, tuvipange kwenye sufuria yenye supu kidogo, tufunike kwa majani ya mgomba, moto mdogo, halafu asali tupake mwishoni kabisa. Nimemwambia ndege wa heshima hakatwi kama muhogo. Ataingia mezani mzima.

Jumatano, 14 Agosti

Balaa. Silvester alikuwa sokoni jana na ameliona tenga. Kaniuliza jana hiyo hiyo, kupitia ua wa matete, kama mle mlikuwa na bata wangu maarufu. Nikasema hapana, yale yalikuwa matunda, bata yuko hai, nimemfungia stoo. Akasema ajabu, mbona hajawahi kumsikia akilia.

Basi leo saa kumi na moja alfajiri nimeingia stoo nikalia. Dakika kumi nzima nimelia kama bata mzinga, nimekumbatia gunia la mahindi. Dina, binti yangu, kaamka akadhani nimepandisha mashetani. Saa mbili ofisini Silvester kanisogelea kwa huruma. Anasema bata wangu ana mafua. Kaniletea pilipili kichaa kwenye gazeti, nimchanganyie kwenye maji ya kunywa. Nimemshukuru. Ningefanya nini?

Mchana nimepata wazo zuri: jaribio. Mtu mwenye akili hasubiri siku ya mgeni ndipo ajifunze. Nikamchukua bata kwa Kasimu, nikamkata bawa moja tu, la upande ambao hautaonekana. Nikaliweka juu ya mkaa. Dakika tatu! Asali imeungua, imekuwa lami. Nje jeusi, ndani la baridi. Nikaliacha liendelee ndani nako kupate moto. Likawa kandambili.

Mama Dina alipita, akaangalia, akasema asali haiwezi moto mkali, huwekwa mwishoni. Nikamwuliza bwana nyuki ni nani humu ndani.

Alhamisi, 15 Agosti

Sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni. Mama Dina na Dina wako kanisani, nafasi nzuri ya kufanya kazi bila kelele. Nimekwenda tena kwa Kasimu. Kalalamika kwamba wateja wanaoagiza soda wanakutana na kifurushi chenye umbo la mtoto. Nimemwomba avumilie siku moja.

Jaribio la pili. Kama ukavu ndio adui, dawa si maji? Nimekata paja moja nikalichemsha. Nyama ililainika, lakini asali yote iliyeyukia sufuriani. Paja limetoka jeupe, na supu tamu kama chai ya arusini. Nimeinywa ili kuondoa ushahidi.

Jaribio la tatu. Nikakumbuka wanavyooka keki: mchanga ndani ya sufuria kubwa, sufuria ndogo juu yake, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko. Nikaweka bawa la pili. Rangi nzuri! Harufu nzuri! Nikalisahau kidogo, maana Silvester alikuja kuazima nyundo na nikalazimika kumsindikiza hadi kwake asichungulie. Niliporudi, bawa linavunjika kwa vidole kama kijiti. Lakini njia nimeipata. Kesho sitasahau.

Mama Dina karudi kutoka misa. Kamtazama bata muda mrefu. Kauliza huyu ndege katoka Karema au katoka vitani. Halafu akauliza jambo lililonitoa jasho: firigisi iko wapi?

Firigisi! Mzee mzima anakaribishwa ndege, firigisi ni yake. Asipoipata, atasema nimemdharau. Masista wamempika Kizungu, tumboni hamna kitu. Nimekimbia sokoni nikapata firigisi ya kuku. Nikaiweka kando ya bata. Aibu tupu. Ndege mkubwa kama mbuzi, firigisi kama kokwa la embe! Nimerudi nikanunua mbili zaidi, nikaketi na sindano, nikazishona zote tatu kuwa moja. Uzi ulikuwapo mweusi tu. Ukiitazama kwa mbali, ni firigisi ya bata mzinga. Nimejisifu peke yangu, hakuna mwingine wa kunisifu.

Usingizi hauji vizuri siku hizi. Nikifumba macho naona kilima, nikimaliza hicho naona kingine.

Ijumaa, 16 Agosti

Yamenifika. Naandika hivyo hivyo.

Asubuhi nimemleta bata nyumbani, nikamweka mezani, nikaenda kunawa. Kurudi, paja lililobaki halipo! Nimemlaani paka wa Silvester kwa ukoo wake wote. Sasa ndege hana mabawa wala miguu, amebaki kifua. Nikapanga kumzika kwenye wali mpaka kifuani, aonekane ameketi.

Mgeni alitarajiwa saa sita. Saa nne nikamweka bata kwenye sufuria ya mchanga. Saa sita, kimya. Saa saba, kimya. Nikawa namtoa, nampaka asali ang'ae, namrudisha. Saa nane nimempiga kwa ukucha, akalia kama mlango. Saa tisa Landrova ikaingia. Mzee Zefania anasema wamepata pancha mbili njiani. Bata wangu alikuwa amekaa motoni kwa muda wa saa tano.

Mzee Zefania ni mtu mnene, mpole, haongei sana. Hiyo ndiyo inatisha. Silvester naye kakaribishwa kama mtu wa ofisi, kakaa pembeni ameshika glasi ya maji, macho kwenye sinia. Nikaleta ndege. Wote wakasema aah! Kwa kweli aling'aa. Nikashika kisu. Kisu kikateleza. Nikabonyeza, kikateleza tena, wali ukaruka hadi kwenye shati la mgeni. Hatimaye ganda la asali likapasuka, na ndani nyama ikamwagika kama vumbi la mbao. Mzee katafuna. Kaomba maji. Katafuna. Kaomba maji tena.

Ndipo akauliza, kwa heshima kabisa, kama firigisi ipo.

Nikampa. Kaing'ata. Kaacha kutafuna. Kaingiza vidole mdomoni akaanza kuvuta, na uzi ukatoka, ukatoka, ukafika urefu wa kiganja. Kauweka pembeni mwa sahani. Kisha Silvester akasema taratibu kwamba labda uzi ule ulikuwa dawa ya mafua ya bata.

Nilikuwa nimekwisha. Nilishaanza kuwaza ni nani atainunua baiskeli yangu.

Hapo Mama Dina akaingia na sufuria iliyofunikwa majani ya mgomba. Alipofunua, harufu ikajaa chumba kizima. Lile paja! Kumbe ni yeye aliyelichukua, paka wa watu nimemlaani bure. Amelikata vipande, ameliwekea supu kidogo, moto mdogo, asali mwishoni. Nyama inateleza yenyewe kutoka kwenye mfupa, laini, na juu inang'aa. Mzee Zefania kala kipande. Kala kingine. Kavua koti. Kalamba kidole, mtu mzima yule, mkuu wa ofisi! Halafu akauliza nani amepika hiki.

Mama Dina alifungua mdomo. Mimi nikawahi. Nikasema ni mimi, Mzee, upishi ule wa kwanza ulikuwa mzaha tu, huu ndio wenyewe. Nikamweleza na namna: supu kidogo chini, majani ya mgomba, moto mdogo, asali kabla tu ya kuepua, ikiwekwa mapema inaungua. Nilieleza vizuri sana. Mama Dina alinitazama. Niliona aibu, nakiri. Lakini niliona ushindi vilevile, na ushindi ulikuwa mkubwa zaidi.

Mzee Zefania kacheka kwa mara ya kwanza. Kasema huyu ndiye mtu aliyekuwa akimtafuta. Mwese wanajenga kambi ya kufundishia wafugaji wa nyuki. Hakuna umeme, hakuna soko, kuna mafiga matatu na asali. Wageni watakuja, na lazima waonje asali kwenye chakula. Alikuwa ameshaamua kumpeleka Silvester, lakini sasa ameona mwenyewe ni nani anayefaa. Silvester akadakia kwamba yeye hata chai hawezi kuchemsha. Sijawahi kumwona mtu akijivunia ujinga namna ile.

Niripoti Mwese tarehe mosi Septemba.

Jumamosi, 17 Agosti

Mama Dina haongei nami. Amesema neno moja tu asubuhi, nalo lilikuwa refu: kwamba Dina yuko darasa la saba, mtihani uko mlangoni, kwa hiyo yeye na mtoto wanabaki Mpanda, nami nitakwenda na sufuria moja, maana najua kupika.

Naogopa, nisifiche. Si vilima tu. Yai lenyewe sijui linakaangwaje. Nitakula nini huko juu? Nimemwomba anisamehe. Kasema msamaha ni kitu kidogo, lakini alipenda sana siku moja watu wasikie kwamba chakula kile ni chake. Nikaenda kukaa uani.

Silvester kapitisha mkono juu ya ua kunipongeza. Mkono wenyewe mchangamfu mno.

Jumatatu, 19 Agosti

Jana jioni Mama Dina kalainika. Kasema muda upo bado, Mzee Zefania si mtu mbaya. Nimwandikie ukweli wote, mistari mitano tu: bata ni wa masista, paja ni la mke wangu. Atacheka, atakasirika kidogo, atabadilisha mawazo. Nani ampeleke kambini mpishi asiyejua kupika?

Maneno ya busara. Leo asubuhi nimechukua karatasi safi ya ofisi, nikaandika: Mzee, ukweli ni kwamba yule bata. Nikautazama mstari ule kwa muda mrefu. Ukaonekana mtupu, kama mtu aliyetoka kuoga. Nikauchana.

Nimeandika barua bora zaidi. Nimemweleza kwamba tangu utotoni nina moyo usiovumilia vilima, na daktari mmoja ambaye sasa ni marehemu alinikataza kabisa. Na ili asidhani nakwepa kazi, nimemkaribisha hapa Mpanda wakati wa Krismasi. Nimemwambia nafuga nguruwe, dume, mkubwa ajabu, na kwamba nitamchoma mzima juu ya mkaa kwa asali, kazi ambayo nimeifanya mara nyingi, hata kwa wageni wa nje. Kwa kutilia mkazo nimetaja na uzito wake.

Barua nimeitumbukiza posta saa nne. Nimerudi nyumbani mwepesi, mara ya kwanza wiki nzima. Nimemsomea Mama Dina nakala. Kasikiliza mpaka mwisho, kainuka, kaingia ndani, kafunga mlango.

Atafungua. Kilichobaki sasa ni nguruwe tu.