Muhuri Unaolalia Kushoto

Jumatatu, 4 Agosti

Wifi, huna haya! Mwanamke mzima, wajukuu wamekujaa nyumbani, unasimama mlangoni kwangu na kuniapia kwamba stempu ya Mwezi inatoka kesho. Kumbe imetoka leo! Umekwenda peke yako, umebandika, umegongewa muhuri, halafu unapita mbele ya dirisha langu unajipepea na bahasha. Hata hodi hukubisha. Jipepee, mama. Joto lako bado linakuja.

Naandika haya asije mtu kusema nilinyamaza. Shule niliiacha mapema, lakini kalamu haijawahi kunikataa.

Marehemu mume wangu alikuwa mgonga mihuri wa posta. Aligonga mpaka bega la kushoto likashuka, na kila muhuri wake ukawa unalalia kushoto kama mtu anayesinzia. Alikusanya bahasha za siku ya kwanza, za mambo ya anga tu. Stempu mpya ikitoka, unaibandika kwenye bahasha safi na kuigonga muhuri siku ileile. Ukichelewa hadi kesho yake, huna kitu. Una bahasha tu, katie sindano zako.

Albamu aliishona mwenyewe kwa uzi wa magunia ya barua. Mna roketi. Mna setilaiti. Mna mbwa aliyerushwa juu bila kuulizwa. Mna mtu anayeelea gizani kwa kamba kama ndoo kisimani. Ukurasa wa mwisho ni mtupu, aliuachia Mwezi. Alipokuwa hoi kitandani akasema albamu ikae na atakayejaza ukurasa huo. Akasema mbele ya dada yake! Mtu anakata roho na bado anachonganisha.

Sasa albamu iko kwa shemeji, mdogo wake marehemu. Jumapili atakuja nayo aone nani ana bahasha. Wifi anasema ni ya kaka yake, damu yake. Damu! Stempu zote zile nililamba mimi. Ulimi wangu umo kila ukurasa. Albamu haiondoki nyumba hii.

Jumanne, 5 Agosti

Nimekwenda posta. Nimemwomba binti wa dirishani arudishe tarehe ya muhuri nyuma kidogo tu, mpaka jana. Ana kucha ndefu kama anachimba viazi. Akasema, bibi, tarehe hairudi nyuma, hilo ni kosa. Nikamwambia mume wangu alikaa kwenye kiti hicho wewe ukiwa bado hujaombwa kwa Mungu. Akasema pole, bibi, anayefuata. Nimenunua stempu hivyo hivyo, nikatoka nimenuna.

Sijashindwa. Njiani nikakumbuka mkebe wa mume wangu! Alipostaafu walimpa ule muhuri wake wa zamani awe nao kama ukumbusho. Umelika, jina la mji halisomeki tena, lakini magurudumu ya tarehe yanazunguka. Nitajigongea Jumatatu yangu mwenyewe, hapahapa mezani.

Mkamwana wangu akauvuta mkebe kutoka chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na muhuri, kitambaa chake cha wino, na bahasha moja. Haina stempu wala anwani, ila imegongwa muhuri mweusi unaolalia kushoto. Mkamwana akausoma. Tarehe 19 Mei. Akaigeuza bahasha. Kisha akasema, mama, hiyo ndiyo siku aliyotutoka baba. Siku ile hata kijiko hakuweza kushika, nani aligonga?

Nikamwambia kuna mtu aliuchezea. Na bahasha bila stempu haina maana kwa mkusanyaji yeyote. Nimetilia vifungo vyangu vya nguo humo.

Jumatano, 6 Agosti

Nimevaa miwani. Nimezungusha gurudumu mpaka 4. Nimegonga kwenye gazeti.

10.

Nimezungusha tena. Nne, naiona kwa macho yangu. Nimegonga. 10. Nimegonga kwa hasira. 10! Gazeti zima limejaa kumi, tena zote zimelala kushoto, na mimi bega langu limenyooka kama mlango.

Mkamwana akaniuliza wino nimeununua wapi. Sikununua. Kile kitambaa cha wino kilikauka tangu zama za mume wangu kuwa na nywele. Akakigusa, kikavu kama ganda. Akagusa gazeti, kidole kikatoka cheusi, kimelowa. Akakifuta haraka kwenye kanga.

Nikamwambia vitu vya zamani vilikuwa imara, si kama hivi vyenu.

Alhamisi, 7 Agosti

Mchana nilikuwa nakunja nguo. Nikasikia jikoni: tuf, taf. Tuf kwenye wino, taf kwenye karatasi. Sauti hiyo niliolewa nayo, haiwezi kunipotea. Jikoni hakuna mtu. Muhuri uko mezani, umesimama wima, nami niliulaza.

Karatasi ya umeme imegongwa. Kalenda imegongwa. Pakiti ya chumvi imegongwa. Kote kumi.

Hapo nilipandwa na hasira. Nikamwambia wazi, mbele ya masufuria: bwana wewe, kama una nguvu za kugonga chumvi, gonga tarehe nne kwenye bahasha yangu! Ulikuwa mkaidi hai, na sasa umezidi. Nikaweka bahasha mezani, stempu ya Mwezi imebandikwa vizuri, nikatoka na kufunga mlango.

Tuf.

Nikangoja. Taf haikuja. Niliporudi bahasha ilikuwa safi, lakini kiti cha mume wangu kimevutwa nyuma, kama mtu aliyekwenda kunywa maji.

Mkamwana anataka kulala kwa mama yake. Nimemkatalia. Nani ataosha vyombo?

Ijumaa, 8 Agosti

Mpango mpya. Kama sina bahasha nzuri, basi wifi naye asiwe nayo. Nimemwalika chai. Nimempigia simu kwa sauti tamu mpaka yeye mwenyewe akauliza kama naumwa. Nikamwambia aje na bahasha niione, niifurahie. Nia yangu ilikuwa kikombe kiteleze.

Kaja. Bahasha kaitia kwenye mfuko wa nailoni, na mfuko kautia kwenye mfuko mwingine, na ule mwingine kaukalia. Nikamwaga chai. Imeniingia mimi mapajani.

Nikiwa naruka ruka, chini ya meza kukasikika: tuf, taf.

Wifi akaganda. Akauliza ni nini hiyo. Nikasema panya. Akaangalia gazeti langu la juzi, kalenda, pakiti ya chumvi. Uso ukamsawijika. Akapitisha kidole juu ya muhuri mmoja, taratibu, ulivyolala. Akaita kwa sauti ndogo sana, kaka?

Kitu kikajibu. Si neno. Kilikohoa, kikohozi kile cha mtu anayelamba kidole ahesabu bahasha.

Wifi katoka mbio na kiatu kimoja. Nimekiweka kabatini. Siku haikuwa mbaya.

Jumamosi, 9 Agosti

Vigelegele! Vigelegele mpaka majirani wametoka nje!

Mkamwana karudi kutoka sokoni, kapita posta, kakuta tangazo mlangoni. Stempu ya Mwezi imetolewa kwa ajili ya kupatwa kwa mwezi kesho jioni. Siku yake ya kwanza ni kesho, 10 Agosti, na posta itafunguliwa jioni hiyo ingawa ni Jumapili. Zilizouzwa Jumatatu zilifunguliwa mapema kwa makosa, na muhuri wa Jumatatu haumo katika hesabu. Binti wa kucha amekaripiwa. Nimemwonea huruma, kidogo.

Kwa hiyo bahasha ya wifi imezaliwa kabla ya siku zake. Ajipepee nayo sasa!

Na muhuri ulijua. Mkamwana kaniangalia, macho kama sahani, kasema, mama, muhuri uliijua tarehe tangu Jumatano. Nikamwambia mume wangu alikuwa mtu wa kazi yake. Akasema, mama, na ile ya Mei nayo ilijua? Nikamwambia asichanganye mambo, atie maji ndoo.

Jumapili, 10 Agosti

Nimekuwa wa kwanza kwenye mstari. Wifi kafika baadaye kwa viatu vya mwanawe. Stempu zimekwisha mbele yake! Mimi yangu ninayo tangu Jumanne.

Mwezi ulichomoza ukiwa tayari umeliwa, mwekundu kama chungu juu ya moto. Mtaa ulinyamaza. Hata mbwa. Binti wa kucha akagonga bahasha yangu, nami nilisimama juu yake kama hakimu. Aligonga wima, sawasawa, wino ukakaa vizuri. Nimeibeba kwa vidole viwili mpaka nyumbani, sikuipa hata upepo.

Shemeji akaja na albamu. Nikaweka bahasha mezani. Muhuri umelalia kushoto.

Shemeji akatazama, akasema hakuna cha kujadili. Ukurasa umejaa, albamu ni ya shemeji yake. Mimi!

Wifi hakugomba. Nilijiandaa kwa ugomvi, nilikuwa na maneno yangu kamili, na yeye akalia tu. Akaniomba aguse ukurasa mara moja. Nikamruhusu, mimi nimeshika upande wa pili. Akaweka kiganja juu ya muhuri. Akasema una joto, wifi, kama katoka kugonga sasa hivi.

Nikamwambia asije akauchafua.

Mlangoni akanishika mkono. Akasema, wifi, kautupe muhuri huo mtoni kabla haujaanza kitu kingine. Kaka alikuwa akisema kitu kikishagongwa muhuri si chetu tena, kinangoja gari la barua tu.

Wivu. Kiatu chake sijamrudishia.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimelala na albamu kifuani kama mtoto. Usingizi mzito. Muhuri niliufunga ndani ya mkebe, mkebe chini ya kitanda.

Asubuhi mkebe uko wazi. Tuf, taf, tuf, taf, kazi imekolea kama siku za mwisho wa mwezi. Tarehe mpya! 13. Keshokutwa!

Nimekwenda posta kwa miguu, magoti yanalia. Nimemuuliza binti wa kucha ni stempu gani ya anga inatoka tarehe 13. Akatafuta, akasema hakuna, bibi, hakuna stempu yoyote. Nikacheka sana. Juzi pia hawakuijua kumi! Posta yenyewe haijui, na mimi najua. Kutakuwa na bahasha moja tu, nayo ni yangu. Wifi atalia mpaka meno yatoke.

Jumanne, 12 Agosti

Ajabu ya safari hii ni kwamba muhuri hauchezei tena chumvi wala kalenda. Unachagua. Umegonga mto wangu. Umegonga pakiti ya dawa zangu, na nyayo za kandambili zangu, zote mbili. Vitu vya mkamwana haukugusa hata kimoja. Nimejisikia kuheshimiwa.

Na asubuhi hii nimeamka nikaukuta umenigonga mimi. Ndani ya kifundo cha mkono wa kushoto, pale daktari anaposhika mapigo. 13 AGO. Umelala kushoto, umekaa vizuri kuliko wote. Nimeosha kwa sabuni, hautoki. Wino wa zamani!

Mkamwana kauona. Kaenda kumwaga vifungo vyangu vyote sakafuni, kaleta ile bahasha ya Mei, kailaza kando ya mkono wangu. Muhuri na muhuri. Huu hauna stempu, na ule hauna stempu. Akasema, mama, tazama. Nikatazama. Nikamwambia kweli, stempu ndiyo inayokosekana, tutaipata kesho. Akajishika kichwa, akampigia mume wake, akamwambia njoo leo, usingoje. Baada yake akampigia wifi. Wifi yuko njiani na analia tangu kwao, tayari wivu umempanda.

Waje. Sikatazi. Nataka wote waone.

Nje kuna gari limesimama tangu asubuhi, injini inanguruma taratibu. Mkamwana anasema haoni gari. Macho ya siku hizi!

Kiti cha marehemu kimevutwa tena. Safari hii kimegeuzwa kuelekea kwangu.

Basi sikilizeni, na asibishe mtu. Kesho mniamshe mapema. Gauni langu jeupe lipigwe pasi. Wifi apewe kiatu chake, asije kunifanyia vurugu siku yangu. Na albamu iongezwe ukurasa mmoja baada ya ule wa Mwezi, ushonwe leo leo. Mkamwana, acha kulia, lete sindano.