Siku Kumi na Nne Kabla ya Shira

Jumatano, 24 Februari 2021. Hallandale, Florida

Serikali ya Kanada imebadilisha sheria za safari kwa sababu yangu. Sisemi kwa majivuno. Desemba walituomba tusisafiri, mimi nikasafiri. Walipoona mtu mzito kama Rosaire Lafrenière ameondoka, wakajua Quebec nzima itafuata. Ikafuata! Sasa wanatukomoa. Tangu juzi, anayerudi kwa ndege lazima apimwe kabla ya kupanda, apimwe akitua, afungiwe hotelini siku tatu kwa gharama yake, ndipo aende nyumbani kumalizia siku kumi na nne za karantini. Na huko nyumbani ajipime tena! Pua moja, vijiti vitatu.

Ningecheka. Lakini leo Mzee Fernand kapiga simu. Baba mkwe wangu, miaka themanini na minne, mwenye kibanda cha shira kule Maskinongé na miti ya mepo elfu mbili, ambayo utomvu wake huchemshwa hadi uwe shira. Kasema magoti yake yamekwisha. Kasema mwaka huu, siku utomvu utakapoanza kutiririka, atakayewasha moto wa kwanza chini ya karai, kibanda ni chake. Kisha kakata simu. Mzee yule haagi.

Wagombea ni wawili. Mimi, niliyemwoa Ghislaine, binti yake mkubwa. Na Gaétan, aliyemwoa Lorraine, mdogo wake Ghislaine. Miaka ishirini na miwili mimi ndiye sura ya kibanda kile. Watu wanatoka Montréal kuja kula na kunisikiliza. Gaétan ni mtu wa kiwanda cha jibini, ananuka jibini. Ila yeye yuko kule, mwendo wa dakika kumi. Mimi niko huku, na kaptura.

Utomvu huanza kama tarehe ishirini Machi. Toa siku kumi na nne. Nisipovuka mpaka kabla ya tarehe sita, nimekwisha.

Ghislaine kasema tukate tiketi, tulipie hoteli, tunyamaze. Nimemwambia mimi si kuku, sifungiwi. Kasema kuku angalau hutaga.

Ijumaa, 26 Februari

Nimepata njia! Yaani, Normand wa nyumba ya tatu kaitaja pale kwenye bwawa la kuogelea, lakini mimi nilikuwa nakaribia kuifikiria. Sheria ya hoteli ni ya wanaotua kwa ndege. Anayeingia kwa barabara hafungwi hotelini! Anaonyesha kipimo, anaenda kukaa karantini nyumbani kwake. Basi unaruka hadi Plattsburgh, bado uko Marekani, unachukua teksi hadi mpakani, unashuka, unavuta sanduku lako, unaingia Kanada kwa miguu kama mfalme.

Kumbe nusu ya kambi yetu hii ya likizo wanajua. Wote ni Wakwebeki, wote wamesema ni siri. Mama Huguette kaniuliza kama buti nimebeba. Sikubeba. Nani anabeba buti Florida?

Nimempelekea Ghislaine habari. Kasikiliza hadi mwisho, jambo ambalo halimaanishi mema. Kisha kasema: “Rosaire, mimi sina umri wa kuburuta sanduku kwenye theluji kwa ajili ya ujinga wako.” Tayari kakata tiketi yake ya moja kwa moja hadi Montréal, Jumatano ijayo. Na hoteli kalipia. Kasema atachukua vitabu vyake vya kufuma na atalala siku tatu bila kusikia mtu akikoroma.

Haya. Aende. Nitamwahi, na nitampungia mkono dirishani.

Jumapili, 28 Februari

Sikulala vizuri. Gaétan kanitumia picha: vipande vya barafu vimening'inia kwenye paa la kibanda, vinadondosha maji. Chini kaandika: “Shemeji, jua la huko likoje? Huku limeanza kuwaka. Usijali, nitakuwekea kopo moja la shira.”

Kopo moja! Mimi!

Natazama hali ya hewa ya Maskinongé kila nusu saa. Usiku baridi kali, mchana juu kidogo ya sifuri, hapo ndipo utomvu hutoka. Alhamisi wanasema sifuri. Ijumaa mbili. Nimekula mayai manne bila kuyahisi.

Lakini shida hunoa akili yangu. Nimewaza hivi: karantini lazima uitaje mahali utakapokaa. Kwa nini nitaje nyumbani? Nitataja kibandani! Nitalala palepale, kando ya karai, siku kumi na nne. Utomvu ukianza hata siku ya pili yake, mimi niko hatua tatu kutoka kwenye moto. Gaétan atakuja mbio na kiberiti chake, atakuta moshi unatoka.

Sijamwambia Ghislaine. Anapenda kuharibu vitu vizuri kwa maswali.

Jumanne, 2 Machi

Siku ya kipimo. Lazima kiwe ndani ya saa sabini na mbili kabla ya kufika mpakani. Nimepimwa saa nne kamili asubuhi. Kwa hiyo Ijumaa saa nne kamili karatasi yangu inakufa.

Muuguzi ni mama wa Kihaiti, anasema Kifaransa kizuri kuliko changu. Nilimweleza kwamba niliwahi kung'olewa jino na fundi magari bila ganzi, kwa hiyo kijiti cha pamba si kitu. Kasema vizuri, legeza kichwa. Sikumbuki yaliyofuata vizuri. Nakumbuka kasema: “Mzee, niachie mkono, nauhitaji.” Na kwamba watoto wa chekechea waliopita asubuhi hawakupiga kelele kiasi hiki. Bila shaka walipewa kijiti kifupi.

Sasa kusubiri majibu. Nikikutwa nayo, nimekwama huku, na Gaétan anawasha. Nimenusa kahawa. Nanusa, iko. Nimenusa kitunguu. Kiko. Nimenusa soksi zangu. Zipo. Baada ya chakula nilinusa kahawa tena, sikusikia kitu! Jasho likanitoka. Ghislaine, akipanga sanduku lake, kasema kikombe ni kitupu.

Alhamisi, 4 Machi. Plattsburgh, New York

Majibu yalikuja jana jioni. Sina korona! Nilijua tangu mwanzo.

Ghislaine kaondoka jana asubuhi. Kaniuliza mara ya mwisho kama nitakuja naye, kiti kipo. Nikamwambia atanikuta mbele. Kanibusu shavuni, kwa barakoa, kasema nivae soksi mbili.

Leo nimeruka. Ndege imejaa Wakwebeki wenye nyuso za jua na viatu vya wazi, kila mmoja akijifanya hamjui mwenzake. Nimelala hoteli ndogo ya barabarani. Nje ni digrii nane chini ya sifuri. Nimevaa soksi nne, mbili mikononi.

Saa ninazo za kutosha. Ninazo. Nimehesabu tena. Ninazo.

Ijumaa, 5 Machi



Dereva wa teksi, Mmarekani aitwaye Duane, kachelewa dakika arobaini kwa sababu alikuwa anapeleka wengine watatu kama mimi. Njiani nikawa namwonyesha saa, yeye ananionyesha picha za mbwa wake. Kanishusha, kasema yeye haendi zaidi ya hapo. Nikavuta sanduku. Gurudumu moja likang'oka. Nikalibeba sanduku kichwani kama mzigo wa kuni. Nikafika dirishani saa nne kasoro dakika sita!

Maafisa wa mpaka wakaikubali karatasi. Nikajipima tena mbele yao, kwa ushujaa. Nilikuwa ndani ya Kanada. Kilichobaki ni binti mmoja wa idara ya afya, Charbonneau, ana fomu na kalamu. Kauliza nitakaa wapi karantini. Nikasema kibandani, msituni. Kafurahi. Kasema msituni ni vizuri, mbali na watu. Nitakuwa peke yangu?

Hapo ndipo sijui nini kilinipata. Peke yangu! Mtu kama mimi! Nikamwambia, binti, wewe hujui unaongea na nani. Kibanda changu mwezi Machi Jumapili moja huingia watu mia mbili. Maaskofu wawili wamekula maharage pale. Hakuna mtu Maskinongé ambaye hajakaa mezani kwangu.

Kauliza: “Hata mwaka huu, bwana, na migahawa yote ya shira imefungwa?”

Nikasema mwaka huu hasa!

Kauliza kama kuna mtu wa zaidi ya miaka sitini na mitano. Nikasema baba mkwe, themanini na minne, haondoki ubavuni mwangu, bila mimi hawezi hata kufunga kamba za viatu. Kauliza maji ya bomba. Nikacheka. Maji ya bomba ya nini, nikamwambia, theluji ipo! Choo? Nikamwonyesha kwa kidole jinsi msitu ulivyo mkubwa.

Alikuwa anaandika kwa kasi. Nilidhani anaandika njia ya kufika, aje Jumapili. Nikamwambia alete na mama yake.

Kasema mpango wangu wa karantini haufai. Nikasema basi, nina nyumba pia! Nyumba nzuri, bomba mbili! Kasema: “Bwana Lafrenière, dakika tano zilizopita ulikuwa na maaskofu. Nikuamini lipi?”

Nimepandishwa gari dogo jeupe pamoja na mwanafunzi mmoja asiye na kwao. Kituo cha serikali. Ni hoteli, karibu na uwanja wa ndege wa Montréal. Siku kumi na nne. Zote.

Jumanne, 9 Machi. Chumba 417

Hoteli ya Ghislaine ilikuwa barabara hiihii. Yeye kakaa siku tatu, katoka, sasa yuko nyumbani kwetu anamalizia zake. Kapiga simu. Nikamwambia serikali imeniomba nikae hapa kwa gharama zake, wageni mashuhuri wanawekwa ghorofa ya nne. Kisha kacheka mpaka simu ikadondoka. Nimesikia ikidondoka.

Chakula kinaachwa mlangoni kwenye mfuko. Leo sandwichi ya yai. Jana sandwichi ya yai. Dirisha halifunguki.

Habari njema! Gaétan kafungiwa! Kiwandani kwao kapatikana mgonjwa, naye alikaa naye meza moja, jana kaamriwa abaki nyumbani siku kumi na nne. Nilicheza peke yangu. Nikampigia simu kumpa pole. Nikamwambia, shemeji, usijali, nitakuwekea kopo moja. Kaniita jina la chombo cha kanisani, kama tunavyotukana sisi Wakwebeki, na mara mbili.

Basi, yeye hadi tarehe ishirini na mbili. Mimi natoka kumi na tisa. Nimeshinda, kama miti itasubiri. Mzee Fernand kasema kuna joto linakuja. Nimemwomba aiambie miti. Kakata simu.

Jumapili, 14 Machi

Nimepimwa siku ya kumi, muuguzi akinitazama kwenye simu. Kaniambia kijiti hakijaingia. Nikamwambia kimeingia mpaka utotoni. Kasema rudia.

Joto digrii tano leo. Nimeandika barua kwa wizara: mimi ni mfanyakazi wa lazima, nazalisha chakula cha taifa, naomba niachiwe siku mbili mapema. Nikaongeza kwamba bila mimi bei ya shira itapanda duniani. Mama mmoja wa sauti ya upole kanipigia kwa niaba yao. Kauliza kama nina leseni ya uzalishaji. Nikasema ninayo kichwani. Kanitakia Jumapili njema.

Natembea mlangoni hadi dirishani. Hatua tisa. Nikifupisha hatua, kumi.

Alhamisi, 18 Machi

Umetoka! Utomvu umetoka leo asubuhi, siku moja kabla yangu! Fernand kasema ndoo za mitini zinalia kwa matone tangu saa tatu.

Nikamwambia, baba, tafadhali, kesho, saa chache tu. Kasema haina haja, moto umeshawaka.

Nikauliza nani. Gaétan katoroka karantini? Nitamripoti!

Kasema Ghislaine. Karantini yake iliisha juzi usiku, jana kalala vizuri, leo kaja na kuni zake kwenye gari, kawasha. Nikasema lakini Ghislaine hakuwa mgombea. Mzee kasema: “Nilisema atakayewasha. Nyinyi wawili ndio mliodhani nawataja nyinyi.” Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, kaaga.

Ijumaa, 19 Machi. Kibandani

Nimeachiwa saa tatu. Mpango wangu umefaulu kabisa. Kibanda kimebaki nyumbani kwangu, Gaétan hana kitu, serikali imenilisha siku kumi na nne. Mwakani nitapita upande wa Vermont, wale hawaulizi sana, na nitawaambia nina hospitali kibandani.

Ghislaine ana ufunguo shingoni kwa kamba. Kanipa kahawa, kanipa buti. Kasema kasimama tangu jana, mgongo unamuuma, anaenda kulala saa mbili. Moto umezimika, kuni mpya ziko hapo, karai limejaa, niwashe niendelee, si ndio nilikuwa na haraka nao?

Nimesema bila shaka.

Ameondoka sasa nusu saa. Nimekaa mbele ya tanuru na kiberiti. Mzee Fernand amekaa nyuma yangu kwenye kiti chake, anatazama kiberiti. Nimemsimulia ya maaskofu. Bado anatazama kiberiti.

Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma. Miaka ishirini na miwili nimekuwa nikifika saa nne, moto umeshawashwa na mke wangu, mimi nasimama mbele ya moto naongea na wageni. Ule moto sijui kuuwasha.